Nasaba Niliyomtungia Mcheza Kriketi

Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, kama watu wengine, na mwingi wake nimeusahau. Mmoja umekataa kusahaulika. Niliusema alasiri moja, katika ile miaka ya hamsini, kwenye daka la nyumba yetu, yaani baraza ya mlangoni, hapa Amu, mbele ya watu wasiopungua kumi na watano. Niliusema juu ya mtu ambaye sikupata kumwona na ambaye alikuwa ameshakufa, mcheza kriketi wa visiwa vya Karibi, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Yeye haukumdhuru kitu. Mtu uliyemdhuru alikuwa amekaa ngazi ya chini ya daka, miguu yake ina vumbi la chokaa.

Wakati huo nilikuwa karani wa forodha, umri wangu miaka ishirini na minne, nywele zimelazwa kwa mafuta, kalamu mbili mfukoni, na moja katika hizo haikuandika. Nilijiona mtu. Nilikuwa nimesoma Mombasa nikarudi na Kiingereza, na Kiingereza hicho kilinipa barazani cheo ambacho umri wangu haukustahili. Gazeti lolote lililofika mjini niliitwa nilisome. Nilikuwa nikiliangalia kwa Kiingereza na kulisema kwa Kiswahili papo kwa papo, na wazee wenye ndevu nyeupe wakinyamaza kunisikiliza. Kwa kweli nilikuwa nikitia chumvi hapa na pale tangu zamani. Hotuba ya gavana ikiwa fupi mno, mimi niliirefusha kidogo.

Kriketi ililetwa mjini na makarani na Wahindi wenye maduka. Tulikuwa na kiwanja cha mchanga nyuma ya mji, na katikati yake tulitandika jamvi la kamba za kumbi lililosukwa na watu wa Chundwa, maana mpira ukiangukia mchangani haunyanyuki tena. Kiongozi wetu alikuwa mfanyabiashara wa nguo, Mhindi mnene, mtu wa hasira kiwanjani na mcheshi dukani kwake. Mimi nilikuwa mpigaji wa kadiri. Mtu aliyetupatia jina alikuwa mrushaji wetu, mwashi mmoja wa miaka thelathini na kitu.

Asubuhi nyingi alikuwa kisiwani Manda akikata mawe, na siku nyingine alikuwa juu ya ukuta wa nyumba ya mtu. Waashi wa kwetu hurushiana mawe, wa chini humtupia wa juu, na wa juu huyadaka kwa mkono mmoja na kuyapanga. Yeye alikuwa wa kurusha, tangu ujana wake. Basi mkono ule alipoutia kwenye mpira, ulikuwa balaa. Siku moja mabaharia wa meli ya serikali walikuja kucheza nasi huku wakitucheka. Walirudi melini wakichechemea.

Mchezo ukiisha, tulikaa juu ya lile jamvi tukanywa chai. Mwashi aliinywa yake wima. Hakuna aliyemkataza kukaa, na hakuna aliyemwambia akae. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani anapenda kusimama.

Babu yake alikuwa mtumwa wa babu yangu. Ninaliandika neno lenyewe kwa sababu nyumbani kwetu halikutamkwa. Sisi tulisema "watu wetu". Ukisikia fulani ni katika watu wetu, ujue kwamba zamani mzee wake alilimishwa mashamba yetu bila hiari yake, na kwamba mpaka leo huja kutusaidia kupika siku za harusi na huingia kwa mlango wa nyuma. Sheria ya kuwaacha huru ilipita kabla baba yangu hajaoa. Lakini mambo ya nani akae wapi na nani aoe kwa nani hayakuwa na habari na sheria hiyo. Mwashi na mimi tulikuwa tukitaniana, tukigombea mpira, tukipigana mabega, na nilikuwa nikisema ni rafiki yangu. Nilisema hivyo kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo linalonitia haya zaidi ninapokumbuka.

Mwaka huo serikali ilitangaza kwamba mji utachagua wajumbe wa halmashauri, mmoja kwa kila mtaa. Watu wangekusanyika mbele ya ngome, kila mmoja asimame nyuma ya anayemtaka, wahesabiwe. Kwetu ilidhaniwa kwamba kiti kimeshapatikana, ni cha ami yangu, mkubwa wa baba. Kumbe waashi, wasokota kamba, wachukuzi na wavuvi waliohamia kutoka Pate walikuwa wamemwendea mwashi wakamwomba asimame yeye. Walikuwa wengi kuliko sisi. Hakuna aliyelisema hilo barazani, lakini ghafla wazee walianza kusema kwamba mambo haya ya kuhesabu vichwa ni ya kishenzi.

Mwashi aliwaambia watu wake atafikiri. Majina yalitakiwa yafike kwa mudiri, mkuu wa serikali mjini, kabla ya sala ya Ijumaa, na mji mzima ulijua anachofikiri. Mwashi hakumwogopa ami yangu. Aliogopa asimame mbele ya ngome, na mtu mmoja nyuma apaze sauti aulize: huyu ni mtoto wa nani?

Jumatano, kabla ya alasiri, alikuja forodhani na gazeti la picha amelikunja kwapani.

"Bwana Karani," akanambia, "mwenye duka la nguo menipa gazeti hili. Ndani muna mtu mweusi, mteza kriketi, mrushayi kama mimi, alokuya kuwa mkubwa katika nti yake. Ndoo utusomee."

"Wapi? Dukani?"

"Barazani kwenu. Wazee wasikie, nami nisikie."

Nilicheka nikamwambia wazee hawajui kriketi, watalala. Akasema hata wakilala si neno. Nililichukua gazeti bila kulifungua, nikiona fahari kwamba nimeombwa.

Daka letu lina viti viwili virefu vya mawe, kimoja kila upande wa mlango. Wazee walikaa juu, ami yangu karibu na mlango na bakora yake kati ya magoti. Vijana wa nyumba za mtaa tulikaa ukingoni. Mwashi alikaa ngazi ya chini, na waashi wenzake wawili walisimama ndiani, kwenye uchochoro, migongo ukutani. Nilifungua gazeti nikaanza kwa madaha. Habari ilianza na mchezo, jinsi yule bwana alivyoviangusha vijiti vya Waingereza nchini kwao wenyewe, kimoja baada ya kimoja, mpaka watazamaji wakasimama. Nilisimama na mimi nikaonyesha kwa mkono. Watu walifurahi.

Mzee mmoja mwenye tasbihi akaninyamazisha. "Ngoja kwanda. Huyu ni nani kwao? Mbona waanda na mtezo wa mpira? Anda na nasaba."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu maisha ya mtu hayaanzi na kuzaliwa kwake, yanaanza na waliomzaa. Hatumsifu mtu, hatumzungumzi maiti, hatumposi binti, mpaka iwekwe wazi huyu ni nani bin nani. Nikageuza ukurasa nitafute nasaba, na nikaiona.

Gazeti lilisema waziwazi. Babu yake alizaliwa mtumwa katika shamba la miwa. Mama yake alikuwa dobi, akifua nguo za nyumba kubwa ya shamba hilohilo. Yeye alijifunza kurusha kwa machungwa mabichi, akilenga debe. Alipokuwa kijana, mabwana wa klabu walimtumia awarushie mpira wafanye mazoezi, na aliingia kwa uchochoro wa nyuma. Baadaye walimpeleka Uingereza kwa sababu bila yeye wangeshindwa, lakini hawakukubali hata siku moja awe kiongozi wa timu. Aliporudi alijisomea sheria. Akagombea kiti cha baraza la kutunga sheria, na mpinzani wake akawa mwenye lile shamba. Akapanda juu ya sanduku sokoni akawaambia watu kwamba babu yake alikuwa mali ya babu wa mpinzani wake, na kwamba leo wajukuu wawili wanaomba kiti kimoja, basi watu waamue. Akashinda, akakaa katika kiti hicho mpaka uzeeni.

Nilisoma yote hayo kwa macho, haraka, na jasho likanitoka. Nikainua uso. Ami yangu alikuwa akizungusha bakora taratibu. Mwashi alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, ananitazama mdomo.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno manne: babu yake alikuwa mtumwa. Maneno hayo sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwenye daka lile, na niliona yakinitoka pale, ni kama nimemvua ami yangu kilemba mbele ya watu. Nilijiambia pia, na hapa ndipo ninapojichukia, kwamba namsitiri mwashi. Kwamba ataona aibu.

"Asili yao," nikasema, "ni Waarabu wa Hadharamauti."

Likanitoka hivyohivyo, kwa sauti tamu. Daka zima likapumua. Mzee wa tasbihi akapiga paja. "Mimi naliyua! Mkono kama ule hauwi wa mtu hivihivi." Mwingine akataka kujua ni wa ukoo gani huko. Nikatunga ukoo. Akasema ukoo huo anaujua, babu yake alimhadithia habari za ndugu yao mmoja aliyepanda chombo kwenda magharibi asirudi. Wakaanza kuhesabu vizazi kwa vidole. Kabla chai haijapoa, mrusha mpira wa Karibi alikuwa binamu wa nyumba mbili za mtaa wetu, na nyumba ya tatu ilikuwa inalalamika imeachwa.

Ukishafika hapo huwezi kurudi. Mama dobi nikamfanya bibi mwenye madobi. Ule uchochoro wa nyuma nikasema aliuchagua mwenyewe kwa unyenyekevu. Kuhusu uongozi wa timu nikasema aliombwa sana, akakataa, hakupenda makuu. Nilipofika sokoni kwenye sanduku, nikasema aliwatajia watu nasaba yake, kizazi baada ya kizazi, nao wote wakasimama nyuma yake. Nikamvika marehemu yule kilemba cha ukoka ambacho, kama angekisikia, angekitupa baharini.

Waliposikia amekufa, mzee wa tasbihi akasema si vizuri kuachana naye bure, asomewe Fatiha. Tukainua mikono, watu kumi na watano, kumwombea Mkristo wa visiwa vya mbali kana kwamba ni shekhe aliyezikwa nyuma ya msikiti wetu. Nami niliinua yangu. Mwashi pia aliinua yake. Nilimtazama kwa jicho la pembeni nikaona uso wake hauna kitu, umefungwa kama duka siku ya Ijumaa.

Watu walipotawanyika alinijia akanyoosha mkono. "Nipa gazeti langu, Bwana Karani."

Nikampa. Akalikunja vilevile lilivyokuwa. "Shukrani," akasema. "Umesoma." Akenda zake na wenzake wakamfuata.

Alhamisi aliwaambia waashi na wasokota kamba kwamba hatasimama. Alisema ana kazi nyingi Manda. Walimsihi, baadhi yao walimkasirikia, mmoja alimwita mwoga mbele ya watoto wake. Hakubadili neno. Ijumaa jina lililofika kwa mudiri kwa mtaa wetu lilikuwa moja tu, na hapakuwa na haja ya mtu yeyote kusimama nyuma ya mtu mbele ya ngome. Ami yangu akachinja mbuzi. Nilikula, tena nikawekewa kipande cha mguu. Tulipokuwa tukinawa, ami alinishika bega akanambia taratibu, "Kusoma nako kwataka akili." Ndipo nikatambua kwamba yeye hakuamini hata neno moja la ile nasaba, na alikuwa ananishukuru.

Mwashi aliacha kriketi. Mwenye duka alipomwuliza, alisema bega linamuuma. Bega hilohilo lilikuwa likirusha mawe kutwa, mji mzima ukiliona. Sisi tulicheza bila yeye, tukashindwa na kila aliyekuja, mwisho jamvi likaoza likatupwa.

Kwa miaka mitano nilijua nimefanya nini, au nilidhani najua. Nilidhani nimemdanganya mtu asiyesoma Kiingereza. Alitaka mfano wa mtu kama yeye, na mimi nikampa sharifu. Akaona hata huko ng'ambo mtu hafiki mbali bila nasaba, akakata tamaa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nilikutana naye ndiani mara nyingi. Alinisalimia kwa adabu, "Sabalkheri, Bwana Karani", na mimi nilijibu kwa haraka nikajitia nina kazi. Mara mbili nilikata shauri nimwambie ukweli, na mara zote mbili nikapitia uchochoro mwingine.

Kisha ikawa zamu yangu ya kuoa. Baba aliagiza chumba cha orofani kipigwe lipu upya, kile chenye dirisha juu ya daka, na fundi mzuri wa lipu alikuwa yeye. Alikuja na ndoo na mwiko wake, akapanda ngazi ya mbao, akaanza. Siku ya tatu nilipanda chumbani baada ya alasiri nikafunga mlango. Nilikuwa na haya hivi kwamba nilisema na mgongo wake.

"Ile nasaba niliyoisoma," nikasema, "ilikuwa uongo. Yule bwana babu yake alikuwa mtumwa. Aliyasema mwenyewe sokoni, mbele ya mjukuu wa bwana wake. Yalikuwa yameandikwa. Niliyaruka."

Aliendelea kulainisha ukuta. "Nayua," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu kabla hujasoma. Mwenye duka menisomea lote, tangu mwando hata mwisho. Pale pa sokoni menisomea mara tatu, mimi ndimi nalomwomba."

Sikuelewa. Nilimwuliza, kama alikuwa anajua, kwa nini aliniletea mimi.

Hapo aliuacha ukuta, akageuka, akanitazama. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Bwana Karani, mimi sikuya kusikia khabari za mtu yule. Nalikuya kusikia kwamba neno lile laweza kusemwa barazani kwenu. Nalisema, wa kwanda kulisema na awe weye, kwa kuwa twateza pamoya. Ukiweza kulisema la mtu wa mbali, aliyekufa, nami nitaweza kusimama na langu. Hukuweza. Nikenda zangu."

Nilisema mambo mengi kisha, na sitayaandika yote. Nilimwambia nilikuwa kijana, ami alikuwepo, niliogopa. Nilimwomba radhi. Aliniacha nimalize.

"Wazee wako tini pale sasa," akasema, na kwa mwiko akaonyesha dirisha. "Yule wa tasbihi bado asema yule mtu ni jamaa yake. Shuka ukawambie."

Nikasema naam. Nikashuka, na nilipokuwa kwenye ngazi za ndani nilikuwa na maneno tayari, naapa. Nilitoka mlangoni. Walikuwa sita au saba, ami yangu mahali pake. Wakaniona bwana arusi, wakacheka, wakasogea kunipa nafasi, nikakaa. Dirisha la chumba lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu, na nilisikia mwiko ukisugua ukuta, kisha ukanyamaza.

Mzee wa tasbihi akaniuliza walima utakuwa siku gani. Nikamwambia. Ami akauliza mbuzi wangapi, na wageni wa Pate walale nyumba ya nani, na nani asimamie vyungu. Nikajibu hili, nikajibu lile. Juu palikuwa kimya muda wote huo. Tulifika kwenye habari ya mchele ndipo nilipousikia mwiko umeanza tena kazi.